Mkeka Huanzia Porini

Leo nataka tuzungumze habari za sinema, lakini niruhusu nianzie kwenye mkeka.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya redio, nilitumwa kijijini kumrekodi bibi mmoja, msusi wa mikeka. Nilimkuta barazani kwake, miguu ameinyoosha mbele, ukili aliokwisha kuusuka umeviringishwa ubavuni mwake kama gurudumu la baiskeli. Nikampa shikamoo, nikawasha mashine, nikamwomba anieleze mkeka unasukwaje. Bibi akaanzia njiani. Akanieleza njia ya kwenda porini kukata ukindu, mbuyu unaoupita mkono wa kushoto, kijito ambacho masika hakivukiki, na wenzake aliokuwa akifuatana nao tangu usichana. Akaja kwenye kuanika, na jinsi umande unavyouharibu ukindu usipowahi kuuanua. Akaja kwenye kuchana, kisha kwenye rangi, na sufuria ya kuchemshia rangi ambayo haipikiwi tena chakula. Nusu saa nzima ilikatika kabla hajagusa habari ya kusuka, na kusuka kwenyewe alikumaliza kwa dakika nne.

Niliporudi studio niliikata ile nusu saa yote. Nikarusha hewani dakika nne. Kipindi kilisifiwa, nami nikaona nimefanya kazi safi, nimepepeta pumba na kubakiza mchele.

Kosa langu nililiona muda mrefu baadaye, nilipoanza kusoma habari za mwanamke mmoja wa taifa la Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, aitwaye Susie Benally.

Mwaka 1966, wakati wa kiangazi, watafiti wawili wa Kimarekani, Sol Worth na John Adair, walikwenda Pine Springs katika jimbo la Arizona, kwenye ardhi ya Wanavajo, wakiwa na kamera za filamu za milimita 16. Nia yao ilikuwa kuwafundisha wenyeji wachache kuitumia kamera, halafu wakae pembeni waone wenyeji hao watachagua kupiga nini na kukipanga vipi. Kabla ya kuanza iliwapasa kupata ridhaa ya mzee Sam Yazzie, mganga mwenye heshima yake pale. Mzee akawasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kutengeneza filamu kutawadhuru kondoo. Wakamwambia hapana. Akauliza kama kutawafaa kondoo. Wakakiri kwamba hapana, hakutawafaa. Basi mzee akataka kujua filamu zitengenezwe kwa sababu gani.

Kisa hiki husimuliwa sana na watu wa sinema, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko. Mimi sikioni kuwa cha kuchekesha. Mzee yule alikuwa anauliza jambo ambalo kila anayebeba kamera au kinasa sauti kwenda nyumbani kwa watu angepaswa kuulizwa mlangoni: hiki unachokichukua hapa, sisi tutakipata wapi?

Susie Benally alichagua kumpiga filamu mama yake, Alta Kahn, aliyekuwa mfumaji wa mazulia ya sufu. Sasa sikiliza alivyoipanga. Filamu inahusu ufumaji, lakini ufumaji unachelewa kuja. Unawaona kondoo. Unaona sufu ikishughulikiwa, nyuzi zikisokotwa, mizizi na majani ya kutilia rangi yakitafutwa. Unaona watu wakitembea, wakitembea tena, kwenye nchi ile kavu na pana. Sehemu kubwa ya filamu imekwisha kupita ndipo zulia linaanza kupanda kwenye kitanda cha kufumia. Mhariri wa mjini angeukata mwendo wote ule. Kwa Susie, mwendo ndio kazi. Zulia ni mahali ambapo mwendo ule umefika ukapumzika.

Niliposoma hapo nilimkumbuka bibi yangu wa ukindu, na nikajua nilichokifanya.

Mambo hayakuishia kwa Susie. Mama yake, ambaye hakuwa akizungumza Kiingereza, alimwomba binti amfundishe naye kushika kamera, kisha akatengeneza filamu yake mwenyewe, akimpiga binti akifuma mkanda. Mama na binti wamebadilishana viti, aliyekuwa mbele ya kamera amekuja nyuma yake. Katika yote niliyoyajua kuhusu sinema, sijakutana na jambo linalonigusa kuliko hili. Na kiangazi kilipokwisha, filamu zote zilionyeshwa palepale Pine Springs, kwa watu walewale ambao sura zao, mifugo yao na njia zao zilikuwa zimechukuliwa.

Kuna kitu kimoja kutoka kwenye mahojiano yaliyofuata onyesho lile ambacho kimenikaa kichwani. Filamu zile hazikuwa na sauti hata kidogo, zilikuwa picha tupu. Lakini mtazamaji mmoja alipoulizwa juu ya filamu mojawapo alijibu kwamba hakuielewa kwa kuwa ilikuwa ikieleza mambo kwa Kiingereza. Unaweza kudhani amekosea. Mimi nadhani alisema kweli tupu. Picha zina lugha hata zikinyamaza. Zinavyofuatana, kinachoachwa na kinachokawizwa, vyote hivyo ni sarufi, na mtu aliyezaliwa katika sarufi nyingine huisikia ile ya kigeni papo hapo. Mwaka 2002, Maktaba ya Bunge la Marekani iliziingiza filamu zile za Wanavajo katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. Ni heshima kubwa. Hata hivyo onyesho ninaloliwaza mimi ni lile la kwanza la Pine Springs.

Hapo ndipo lilipo jambo langu la leo. Siku hizi, katika miji mingi ya Marekani, Kanada na Meksiko, watu hukusanyika kwenye kumbi za mitaa, maktaba, viwanja na shule kutazama filamu za wanawake waongozaji wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na za wanawake wa mataifa yaliyoikalia ardhi ile kabla ya meli za Ulaya. Wapo wanaoyatazama maonyesho hayo kwa jicho la huruma, kana kwamba ni faraja kwa filamu iliyokosa nafasi kwenye majumba makubwa. Nataka kulipinga wazo hilo. Kwa filamu za namna hii, onyesho la uwanjani ni sehemu ya kuitengeneza filamu yenyewe. Kabla haijaonyeshwa pale, haijakamilika.

Kidogo juu ya majina, kwa maana majina haya yanaweza kutupoteza. Neno “Latina”, la kumwita mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, limekomaa Marekani, na wengi wanaoitwa hivyo hujitaja kwa jina lililo karibu zaidi na mlango wao. Lourdes Portillo, mwongozaji aliyezaliwa Chihuahua, Meksiko, mwaka 1943, akahamia Los Angeles akiwa msichana wa miaka 13, alijiita Chicana, jina la wanawake wa Marekani wenye asili ya Meksiko. Na “wenyeji asilia” ni kapu moja lililotiwa mamia ya mataifa yasiyofahamiana hata kwa lugha. Huko pwani ya kusini ya Meksiko kuna watu ambao vitabu vya wageni huwaita Wahuave. Wao wenyewe hujiita Ikoots, na neno hilo, kwa lugha yao, maana yake ni “sisi”.

Hao Ikoots wanaishi San Mateo del Mar, jimbo la Oaxaca, kwenye ulimi mwembamba wa mchanga kati ya wangwa na Bahari ya Pasifiki. Ni nchi ya upepo mkali na kamba wa kuvua. Mwaka 1985 taasisi ya serikali iliyoshughulikia watu wa asili ilifungua hapo warsha ya kwanza ya sinema ya wenyeji, ikiongozwa na mtengeneza filamu Luis Lupone. Waliokuja kujifunza walikuwa wanawake wafumaji wa kijiji. Walipewa kamera ndogo za Super 8. Mmoja wao alikuwa Teófila Palafox, fundi wa kufuma kwa kitanda kile ambacho ncha yake moja hufungwa kwenye mti na nyingine kwenye mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji, hivi kwamba uzi unakazwa kwa mwili wake mwenyewe. Akiegemea nyuma, uzi unakaza. Akiinama, unalegea. Kitambaa kinapokwisha, kila pigo lake lina kipimo cha mgongo wa mwanamke yule.

Teófila alitengeneza filamu ya maisha ya familia moja ya kijijini kwao, na leo anahesabiwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa asili kuongoza filamu nchini Meksiko. Nasikia watu wakishangaa: mfumaji wa kijijini aliwezaje sinema? Mshangao huo una dharau ndani yake, hata kama hauna nia mbaya. Mtu anayejua kuhesabu nyuzi mia kadhaa kichwani, anayeona ua kabla halijatokea kwenye kitambaa, anayejua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza, unataka umfundishe nini juu ya kupanga picha? Kamera ilikuwa chombo kipya kwenye mikono iliyokwisha kuiva.

Ukitoka pwani hiyo ukapanda milima ya Sierra Norte, katika jimbo hilohilo la Oaxaca, utafika Guelatao, kijiji kidogo cha Wazapoteki, alikozaliwa Benito Juárez mwaka 1806, yule aliyekuja kuwa rais wa Meksiko. Guelatao ina sinema. Inaitwa Cine Too, ukumbi mdogo wa jamii. Mmoja wa watu waliousimamisha ni Luna Marán, mwanamke wa hapo hapo, mwongozaji, ambaye pia alishiriki kuanzisha kambi ya kuhamahama inayowafundisha vijana wa vijijini kutengeneza filamu na, zingatia hili, kuandaa maonyesho. Huko hufundishwi kupiga picha tu. Unafundishwa pia kubeba projekta, kuomba uwanja, kuwaita watu, na kuongoza mazungumzo taa zikishawashwa.

Vijiji vya milima ile vinapenda mpira wa kikapu kuliko kandanda. Kila mwaka mwezi Machi, Guelatao hufurika wachezaji kutoka milima yote kwa mashindano ya Kombe la Benito Juárez. Kwa hiyo katikati ya kijiji, mahali ambapo kwetu ungetegemea mwembe wa mikutano, mara nyingi utakuta uwanja wa kikapu wa saruji. Hapo hufanyika mkutano, hapo huchezwa ngoma ya harusi, hapo hutundikwa pazia la sinema. Watu huja na viti vyao na blanketi, kwa maana usiku wa milimani ni baridi. Watoto hukaa mbele kabisa, chini.

Na hakuna kinachofanyika bila mkutano. Oaxaca ina manispaa 570, na zaidi ya 400 kati yake huchagua viongozi kwa desturi zao wenyewe, kwa mkutano wa wanakijiji badala ya vyama vya siasa. Ukitaka kupiga filamu unasimama mbele ya mkutano unaeleza. Kuna pia kazi ya pamoja isiyolipwa, wanayoiita tequio, ambayo Mpare au Mchaga angeielewa bila kufasiriwa, kwa maana kwetu tunayo, ni msaragambo. Barabara hutengenezwa kwa tequio, shule hujengwa kwa tequio, na Luna Marán na wenzake wametengeneza filamu kwa moyo huohuo. Baba yake Luna, Jaime Martínez Luna, ni mmoja wa wanafikra walioyapa maisha hayo ya pamoja jina moja, comunalidad. Sitalitafsiri kwa “ujamaa”, kwa sababu letu tunalikumbuka kama siasa ya nchi, na lao lilichotwa kwenye mkutano wa kijiji.

Mwaka 2019 Luna alitoa filamu juu ya baba huyo. Inaitwa Tío Yim. Baba alikuwa mwimbaji wa kusifika milimani, kisha pombe ikamla, ikala na muziki wake, na familia nzima ikabeba mzigo. Binti anaishika kamera mezani kwao, anauliza yale ambayo nyumba zetu nyingi hufunika kawa. Fikiria kuonyesha filamu hiyo mahali ambapo kila mtu anamjua baba yako, na wengine walikunywa naye. Sifa za tamasha la mbali haziwezi kulinganishwa na uzito wa viti vile vya uwanjani.

Nikitaja uzito, nimkumbuke Ángeles Cruz. Ni Mmixteki, wa Oaxaca pia, mwigizaji aliyegeuka mwongozaji. Mwaka 2021 filamu yake ndefu ya kwanza, Nudo mixteco, yaani fundo la Kimixteki, ilitoka. Watu watatu wanarudi kijijini wakati wa sikukuu ya mtakatifu msimamizi. Msichana mmoja amekuja kumzika mama yake, na baba hamtaki kwa sababu ya mtu anayempenda. Mwanamume amerudi baada ya miaka mitatu ya ukimya, anamkuta mkewe na mwingine, naye anataka kijiji kizima kimhukumu mwanamke. Wa tatu ni mama anayerudi kwa sababu binti yake anaguswa na jamaa wa ndani ya nyumba, kama alivyoguswa yeye mwenyewe zamani.

Tukio la mkutano katika filamu hiyo sijaweza kulisahau. Mume amesimama anadai haki yake. Mke anasimama na kujibu mbele ya watu wote, kwamba wewe uliondoka, hukuandika, hukuuliza, na mwili huu ni wangu. Ángeles Cruz haichekei ile desturi ya mkutano, wala haipambi. Anaiweka mbele ya wenyewe. Mkutano uleule unaoweza kumwonea mwanamke ndio mahali pekee ambapo sauti yake inasikiwa na kijiji chote. Mgeni asingeweza kuiona pande zote mbili kwa mara moja. Angeona ukatili mtupu au angeona hekima ya wazee tupu.

Kwa filamu ya namna hii, anayeandaa onyesho ana wajibu mzito. Kati ya watu mia waliokaa gizani, wamo kina mama na mabinti ambao hadithi ya tatu ni yao. Mtu aliyewafanyia vile huenda amekaa safu mbili nyuma. Taa zikiwashwa ghafla na spika zikapigwa muziki watu wakatawanyika, tumewafunua watu na kuwaacha wazi. Lazima awepo mtu wa kukaa nao, na afadhali awe mwanamke mtu mzima anayeaminika pale pale, wala asishikwe mtu mkono kupewa kipaza sauti kwa nguvu. Kuna mazungumzo yanayofaa yafanyike njiani kurudi nyumbani, tochi moja, wanawake watatu.

Sasa twende kaskazini, kwa sababu mimi ni mtu wa redio na sitamaliza bila kumtaja Alanis Obomsawin wa Kanada. Ni Mwabenaki, amezaliwa mwaka 1932, alianza kama mwimbaji na msimulizi wa hadithi, akaingia Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada mwaka 1967. Ametengeneza filamu zaidi ya 50. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1971, imejengwa kwa michoro ya watoto wa Kikrii na sauti zao wakieleza walichokichora. Na desturi yake ya kazi ndiyo inayonifanya nimheshimu hivi. Anapokwenda kwa mtu, kamera huiacha. Huenda na kinasa sauti tu, peke yake, akakaa, akasikiliza, hata kwa saa nyingi. Kamera huja baadaye sana. Anajua kwamba mbele ya lenzi mtu hukaza shingo, lakini mbele ya sikio hulegea.

Mwezi Juni 1981 polisi wa jimbo la Quebec waliivamia jamii ya Wamikmaki ya Restigouche kwa sababu ya nyavu za kuvulia samaki aina ya salmoni. Alanis alipotaka kutengeneza filamu, ofisini aliambiwa awahoji wenyeji wenzake tu, Wazungu awaache. Hakukubali. Alikwenda kwa waziri aliyeamuru operesheni ile, akakaa naye uso kwa uso, na hasira yake inasikika wazi ndani ya filamu iliyotoka mwaka 1984. Hakuificha ili aonekane mtulivu. Mwaka 1990 mji wa Oka ulipotaka kupanua uwanja wa gofu juu ya ardhi ya Wamohoki yenye misonobari na makaburi ya wazee wao, Alanis aliingia ndani ya vizuizi na kukaa na watu waliozingirwa na jeshi. Mzingiro ulidumu siku 78. Filamu yake, Kanehsatake, ilitoka mwaka 1993. Ndani ya vizuizi vya mgogoro ule alikuwamo pia mtoto wa Kimohoki wa miaka 12, Tracey Deer. Mwaka 2020 Tracey, sasa mwongozaji, aliusimulia mgogoro huohuo kwa macho ya mtoto katika filamu yake Beans. Ukiziweka filamu hizo mbili usiku mmoja, na wazee waliokuwapo wakakaa karibu na wajukuu zao, utakuwa umefungua darasa ambalo hakuna shule inayoweza kulitoa.

Nilimtaja Lourdes Portillo, naye alifariki mwezi Aprili 2024. Filamu yake ya mwaka 2001, Señorita Extraviada, inahusu wasichana waliouawa Ciudad Juárez, mpakani, baadhi yao vibarua wa viwandani. Portillo alikataa kuonyesha maiti. Badala yake unaona nguzo zilizopakwa rangi ya waridi na juu yake msalaba mweusi, kazi ya mikono ya wafiwa. Unaona sura za mama zao wakizungumza. Alijua kwamba mama hao wataiona filamu, na mama hapaswi kumwona binti yake vile mara ya pili. Uamuzi huo wa kiufundi, wa nini kionekane na nini kisionekane, ulitokana na kujua nani atakaa kwenye kiti. Huko Kolombia, mtengeneza filamu Marta Rodríguez alikuwa amekwisha kuishi kanuni hiyo. Yeye na mwenzake Jorge Silva waliwafuatilia wafyatua matofali wa pembezoni mwa Bogotá tangu 1966 hadi 1972, watoto wakibeba matofali migongoni, na msichana mmoja katika gauni jeupe la Komunio ya kwanza akipita katikati ya matanuri. Walipokuwa wakiihariri filamu hiyo, Chircales, waliwarudishia wafyatua matofali wenyewe waitazame.

Kwetu je? Sinema ya uwanjani si ngeni kwetu, ila imetufikia kwa mlango mwingine. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kituo Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakaanza kutengeneza filamu za kuwaonyesha Waafrika, na lori lao likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Wanavijiji walitumika kuigiza. Mada zilikuwa akiba ya posta, kodi, minyoo ya safura. Mradi ulifungwa mwaka 1937. Watu walikusanyika kwa mamia, waliziona sura zinazofanana na zao kwenye pazia, na hakuna aliyewauliza wangependa kusema nini. Mzee Sam Yazzie angekuwa na swali lake hapo.

Halafu tukajijengea mlango wetu wenyewe, vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Najua sifa mbaya za vibanda hivyo, mabenchi magumu na joto la mabati. Lakini ndani yake mafundi wetu wamefanya jambo ambalo maonyesho ya Marekani hayana: kuitafsiri filamu nzima kwa sauti, kwa Kiswahili cha mtaani, wakimpa kila mhusika jina na tabia ambayo watu wataielewa. Ndiyo sababu nasema filamu ya Teófila Palafox au ya Ángeles Cruz ikiletwa huku, isiletwe na maandishi madogo chini ya pazia ambayo nusu ya kina mama hawatayafikia. Aletwe msimulizi, na awe mwanamke. Akae kando ya pazia na kipaza sauti, aitazame filamu mara tatu kabla, ajue mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza. Zanzibar, kwenye tamasha lake la filamu, wamewahi kuzipeleka sinema mpaka vijijini Unguja na Pemba, kwa hiyo njia ya kufika ipo. Jenereta tunazo. Shuka jeupe lipo kila nyumba.

Sasa nirudi kwa bibi yangu.

Mwaka jana, nikipanga kanda za zamani, niliikuta ile ya kwanza, isiyokatwa. Nikaihamishia kwenye simu, nikabeba spika ndogo, nikapanda basi. Bibi yupo. Macho yamepungua nguvu, lakini mikono inasuka bila kutazama. Nikamwambia nilichokifanya miaka ile, kwamba nilimkata. Akaitikia tu, akaniambia niwashe.

Walikuja majirani watano, wote wanawake, wakakaa kwenye jamvi. Tukasikiliza nusu saa yote na zile dakika nne. Walipofika kwenye kijito, mmoja akasema kile kijito sasa kimekauka, wengine wakabishana ni tangu mwaka gani. Walipotajwa wenzake wa usichana, bibi akaacha kusuka. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufariki, na sauti yake ya zamani ilikuwa ikiwataja kama watu atakaokutana nao kesho alfajiri.

Kanda ilipokwisha palikuwa kimya kidogo. Kisha bibi akaupapasa ukili wake, akatafuta mahali alipoachia.

“Umeniacha nimekosea, mwanangu,” akasema. “Pale kwenye kukata sikueleza vizuri. Hukati kuti lolote. Unakata lile changa la katikati, ambalo halijachanua, ndilo linaloshika rangi. Hawa watoto wakisikiliza hivyo watakwenda kuharibu miti bure. Hebu washa tena hiyo mashine yako.”

Nikaiwasha.